Basi Kata Iseme: Maisha ya Mama Brashi

Ndugu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Brashi, alizaliwa tarehe 11 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la zamani, akiwa mtoto wa kwanza wa seremala na mkewe. Mdogo wake wa pekee, yaani mama yetu mdogo aliyeketi hapa mbele, alizaliwa mwaka 1963, na mama alipopewa ampakate alitangaza kwamba mtoto huyo ni wake, madai ambayo hakuyaondoa hadi anatuacha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akitolewa darasani mara kwa mara kwa kuchora ubaoni, isipokuwa siku alipomchora mwalimu mkuu, kwani mwalimu mkuu mwenyewe alizuia ubao usifutwe mpaka mkewe aje aone.

Mwaka 1974 alijifunza uchoraji wa mabango, na tangu hapo ilikuwa shida kupata saluni, bucha au duka la dawa mjini hapa ambalo halikupita mkononi mwake. Mwenye bucha mmoja alilalamika kwamba ng'ombe wake anatabasamu mno, wateja wanaingiwa na huruma, mama akamjibu kwamba ng'ombe mwenye huzuni angewafukuza kabisa.

Tarehe 6 Juni 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, aliyekuja kuchorewa bango, akarudi tena na tena kulalamika kwamba herufi zimepinda, hadi mama akang'amua kuwa kilichopinda si herufi. Walijaliwa watoto watatu, ndio sisi, na wajukuu ambao hakuna hata mmoja mwenye sare ya shule isiyo na doa la rangi.

Mama mdogo naye aliolewa mwaka 1989, na haukupita muda akaanza kuvaa miwani nyeusi hata jikoni, akisema amegongwa na mlango wa kabati, lakini mama alikuwa binti wa seremala, hakuwahi kuona kabati la kumgonga mtu kila mwisho wa mwezi. Alimfuata, akambembeleza, akamwambia chumba kipo, mdogo wake akamjibu, "Dada, siri ya mtungi aijuaye kata," akafunga mlango, na mama akarudi akilia njia nzima, kwa hofu kwamba siku moja ataitwa kwenda kumzika.

Februari 1998 ofisi ya kata ilimpa kazi ya kupaka ukuta wake wa nje rangi nyeupe, nyeupe tupu, kisha mtendaji akaenda likizo, kosa ambalo hakulirudia tena. Aliporudi alikuta mtungi mkubwa kuliko mlango, umejaa nyufa, pembeni kata ya kuchotea maji imetumbua macho, na maneno haya: SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA. BASI KATA ISEME. Mama alimaanisha kata ya maji, yaani sisi tulio karibu, tunaosikia na kunyamaza, ila ukuta ulikuwa wa ofisi ya kata, watu wakasoma walivyosoma, wakaja kushtaki, wanawake kwa wingi na mwanamume mmoja mwenye sikio lililovimba, benchi likajaa. Mtendaji alikuja juu, akamtaka mama afute, mama akamwomba kwa adabu atoke yeye mwenyewe akawaambie wa kwenye benchi warudi makwao, mtendaji akachungulia, akakohoa, akaagiza benchi la pili.

Alhamisi moja mama akiwa juu ya ngazi akirudishia rangi, alimwona mdogo wake akivuka barabara na watoto wawili na begi, bila miwani, akapita, akaingia ofisini. Mama alihofia kwamba akimwita atageuka, kwa hiyo hakushuka, akaendelea kupaka pale pale, na ndiyo maana mtungi ule una kitambi upande wa kushoto. Jioni ile mama mdogo alilala kwetu, na kule hakurudi tena.

Mwaka 2006 mama alichora ukuta wa shule ya msingi, msichana ameinua kidole, na chini yake, SEMA, HATA AKIWA MJOMBA, na wajomba walipokuja na ujumbe mzima kulalamika, aliwakaribisha chai, akawauliza ni yupi kati yao ukuta umemtaja.

Afya yake ilianza kuzorota Novemba 2022, ikagundulika kuwa ni figo, na kila alipolazwa aliwaambia wauguzi kwamba rangi ya wodi ile inaumwa kuliko yeye. Alifariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hatimaye walikubali kubadili rangi, majirani waliotupikia, mafundi wenzake walioliandika jeneza bila kukosea herufi, na mtendaji mstaafu, aliyekuja na benchi.

Mwisho, mama mdogo ametutuma tuyasome haya mbele ya watu wote, wala tusiyapambe: alikuwa akipigwa, alinyamaza miaka tisa, dada yake hakumchoka, na ndiyo maana leo ni yeye anayemzika dada yake, na si dada aliyemzika yeye.

Mama yetu, kazi umeifanya na imeonekana, pumzika kwa amani.