Bi Mlio na Simu Isiyo na Waya

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mwenzetu tunayemwita Bi Mlio anakabidhi funguo za karakana baada ya miaka thelathini na miwili ya kutengeneza simu za kulipia. Aliingia akiwa fundi mchanga mwenye bisibisi ya kuazima. Anatoka akiwa mhandisi mkuu, na mwenye bisibisi bado anaidai.

Wageni huuliza jina hilo limetoka wapi. Miaka ile nyaya za simu zilikuwa zikiibwa kuliko kuku. Ukizivuta leo mpaka kwenye kibanda cha barabarani, kesho unakuta nguzo ziko uchi. Bi Mlio ndiye aliyeleta wazo la kuachana na waya kabisa: simu ya sarafu, nzito, yenye mkonga wake kama kawaida, lakini ndani ina kifaa cha mtandao wa simu za mkononi. Antena inafichwa kwenye paa la kibanda na kuzungumza na mnara kwa mawimbi ya redio. Wakubwa walicheka sana. Kisha wezi wakakata nyaya za ofisi ya wakubwa wenyewe, kicheko kikaisha.

Simu ya kwanza ilisimamishwa kwenye lango la hospitali. Ilikuwa nzima, ila hakuna aliyeitumia. Bi Mlio akaenda akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akatazama. Mtu ananyanyua mkonga, anasikiliza, anaurudisha, anakwenda zake. Mzee mmoja aliizunguka akitafuta waya, akautangazia umma: "Hii si simu. Hii ni redio, tena inatusikiliza sisi!" Bi Mlio akamfuata mama mmoja mwenye chupa ya chai, akamuuliza mbona hapigi.

"Nipige nini, mwanangu? Imekufa hiyo. Haisemi kitu."

Hapo akang'amua. Simu ya waya ukiinyanyua inakupokea kwa ule mlio mrefu. Mtandao wa mkononi hauna mlio huo. Hukaa kimya mpaka upige. Akarudi karakana, akaunda saketi ndogo yenye kazi moja tu, kulia. Mkuu wa karakana akamwambia anapoteza muda kwa kitu ambacho simu haikihitaji.

"Simu haikihitaji," alimjibu. "Anayepiga ndiye anayekihitaji."

Muda si mrefu pale langoni palikuwa na foleni, na jina likamganda.

Kila simu mpya ilipaswa kujaribiwa kwa kupiga mbali. Mbali, kwa Bi Mlio, kulikuwa ng'ambo ya vilima, alikopangiwa kazi mumewe, fundi wa minara, mara tu baada ya harusi. Alipelekwa huko kwa muda. Muda ukazaa miaka. Bi Mlio akamwekea simu yake moja chini ya mnara, na ndoa yao ikahamia humo. Walichagua jina la binti yao kwa simu. Waligombana kwa simu kuhusu bati za nyumba, wakapatana kwa simu. Sisi tulimjua mumewe, tuliyemwita Shemeji, kwa kicheko tu, kilichokuwa kikivuja kwenye mkonga mpaka meza ya tatu. Majirani walimwonya Bi Mlio kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Akawaambia yeye hana nyoka wa kuua, ana mtu wa kuzungumza naye.

Mbele za watu alikuwa mcheshi hivyo. Lakini tuliokaa karibu naye tulimwona kila laini ya simu ilipokatika. Alibaki ameushika mkonga sikioni, mkono wa pili ukifuta meza isiyo na vumbi.

Hatimaye Shemeji alistaafu, akarudi nyumbani. Tulitegemea vigelegele, lakini Bi Mlio akawa mkimya. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, alitutolea ya moyoni: "Jamani, nikimtazama usoni maneno yananikimbia. Sauti naijua. Mtu mwenyewe simjui." Nyumbani alikuwa akimlilia mume aliyekuwa chumba cha pili.

Asubuhi moja simu ya karakana ikaita.

"Mke wangu, uko wapi?"

"Niko kazini. Kwani wewe uko wapi?"

"Niko kwenye kibanda chako, hapa kona. Umeamkaje?"

Walikuwa wametoka kunywa chai pamoja, meza moja, bila neno. Bi Mlio akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye yakabaki machozi peke yake. Walizungumza mpaka sarafu zikamwishia Shemeji. Tangu hapo akawa anapiga kila siku. Mfukoni alikuwa na simu ya mkononi, lakini alisema ile ni ya kuulizia bei. Maneno ya mke yanataka ukuta wa kuegemea.

Kisha ikaja amri ya kuondoa vibanda vyote, kwa kuwa kila mtu sasa ana simu yake. Bi Mlio alisimamia kazi hiyo bila kunung'unika. Kibanda cha kona aliking'oa kwa mikono yake, akatukataza tusimsaidie. Baada ya hapo simu ya karakana ilinyamaza, naye akanyamaza nayo.

Haukupita muda, Shemeji akaja mwenyewe. Alisimama mlangoni kama mteja asiyejua dirisha lake. Bi Mlio alikuwa ameinamia vibanda vilivyolazwa sakafuni, amempa mgongo.

"Ingia basi, unanizibia mwanga."

Akaingia, akaketi juu ya kibanda kimoja. Bila kugeuka, mkewe akamuuliza kama goti bado linamsumbua. Shemeji akaanza na goti, akaenda kwa binti yao, akafika kwenye baridi ya kule mnarani na mambo ambayo hakuwahi kuyatia kwenye simu. Bi Mlio alimjibu huku skrubu ziko mdomoni. Sisi ghafla tukawa na kazi nyingi sana upande wa pili wa karakana.

Akawa anakuja kila alasiri. Alianza kushika upande wa pili wa vitu vizito. Na siku moja, katikati ya maneno, Bi Mlio aligeuka, akamtazama mumewe usoni, na sentensi yake ikaendelea mpaka mwisho. Wote tuliiona.

Bi Mlio, mikono yako imefunza karibu kila fundi wa karakana hii, na sauti nyingi zimefika nyumbani kwa sababu yako. Ahsante, mama. Tutakutafuta kwa macho kwenye meza ile, tukijua hupo. Tunakutakia, wewe na Shemeji, alasiri ndefu, afya njema, na maneno yasiyoisha.