Mlango Mwembamba wa Casimir Dombek

Casimir Dombek, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 mjini Buffalo, New York, mtoto wa kwanza wa Stanislaw, fundi rangi wa nyumba, na mkewe Helena. Mimi, Wanda, ni mdogo wake wa pekee. Nasoma haya kwa sababu aliniagiza, na akasema nisipambe.

Alisoma shule ya parokia yetu. Akiwa na miaka tisa alikata pazia la chumbani kwa Mama ili apate anga la Bethlehemu kwa igizo la Krismasi. Mama hakumchapa. Alisema tu, akimwita kwa jina la nyumbani, "Haya, Kaziu. Yesu kapata mbingu, mimi majirani wananichungulia." Mwaka 1960 alihitimu ubunifu wa mandhari ya jukwaa huko Connecticut, akahamia Manhattan.

Alibuni mandhari ya michezo ya kuigiza mia moja na kumi na miwili. Aliondoa kuta za turubai zilizochorwa, akaweka mbao halisi, mabomba na ngazi zenye kutu. Vijana walimwiga nchi nzima, naye akafurahi. Kazi iliyompa jina ni *Mvua ya Lackawanna*, mwaka 1971, iliyoongozwa na Harlan Voss, rafiki yake wa chanda na pete. Ukumbi ulikoonyeshwa ulikuwa mdogo, wenye nguzo ya chuma nyuma ya jukwaa, hivyo mlango wa nyumba ya mchezoni haukuweza kufunguka wote. Kaziu akaufanya mwembamba, mama wa mchezo akawa anaingia nyumbani kwake kwa ubavu. Watu walilia pale.

Tarehe 4 Juni 1966 alikuwa amemwoa Ruth Feingold, mshonaji wa mavazi ya jukwaani. Msimamizi wake alikuwa huyo huyo Harlan. Ruth alitangulia mwaka 2001.

Mwaka 1997 Harlan aliazima kielelezo kidogo cha kadibodi cha jukwaa la *Mvua ya Lackawanna*, eti awaonyeshe wanafunzi. Mwaka uliofuata mchezo ukarudi katika ukumbi mkubwa, nasi tukakaa safu ya sita. Kijitabu cha onyesho kilisema: mandhari, Harlan Voss. Pazia likafunguka, mama akaingia kwa ubavu. Kaka yangu akaniinamia.

"Wanda, nguzo iko wapi?"

Nguzo haikuwepo. Nyuma ya mlango ule lori lingepita. Mtu aliiba hadi kasoro ambayo hakujua sababu yake! Kaziu alimwandikia Harlan, akajibiwa kwamba wazo lilikuwa lao wote wawili. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusemezana tena, na kielelezo hakikurudi.

Mwaka 2003 alianza kutetemeka mikono, hata akashindwa kushika kisu cha kukatia kadibodi. Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Novemba 2009, asubuhi, nikiwa nampa chai.

Ameacha binti mmoja, Miriam, wajukuu wawili, na mimi. Aliniamuru niongeze jina moja hapa. Nilikataa katakata. Akanishika kwa mkono ule unaotetemeka, akasema, "Mwandike, Wanda. Mimi najua kufutwa kunavyouma."

Basi nimeandika: na rafiki yake, Harlan Voss. Harlan, nakuona hapo nyuma. Fungua ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha mazishi ulichopewa mlangoni, jina lako limo.

Kaziu, mlango wa huko uufungue wote. Pumzika, kaka yangu.