Tumpe wa Ilomba na Lori la Vyombo vya Maua

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Tumpe, mama wa Ilomba, Mbeya, aliyeuza vyombo vya maua vya kauri. Alifariki mwezi uliopita, usingizini, nyumbani kwake.

Alipoanza biashara, sebule nyingi zilikuwa na maua ya plastiki ndani ya kopo la maziwa, kopo lenyewe limevishwa kitambaa cha kufuma. Baadaye vikaja vyombo vya glasi. Kisha ikaja kauri, tena kwa seti: kirefu, cha kati na kifupi, vyote vya nakshi moja. Tumpe aliwaonyesha majirani namna ya kuvipanga kando ya televisheni. Bibi harusi asiye na seti alijiona hajakamilika.

Mzigo aliuleta mumewe, Mzee Isakwisa, kutoka Dar es Salaam. Siku moja mwaka 2011 ikaja habari: lori la mzigo limepinduka kwenye mteremko wa Kitonga, Iringa. Simu ya mumewe haipatikani. Tumpe akapanda basi la Iringa na binti yake, Esnath. Esnath anasema njia nzima mama alikumbatia mapajani kitenge cheusi cha msiba.

Waliposhuka Ipogolo, pale Iringa mjini, walimkuta Mzee Isakwisa kwa mama lishe, mkono umefungwa, anakunywa chai. Yu hai, wasikilizaji. Dereva naye yu hai. Mzee akaanza kuomba radhi, kwamba vyombo vyote vimevunjika.

"Nyamaza, Baba Esnath," Tumpe akamwambia. "Vyombo tutanunua. Wewe ningekununua wapi?"

Akaketi palepale, akicheka huku analia. Kisha akaomba chapati, maana tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani.

Huko Ilomba, binti mmoja, Frida, alikuwa akisubiri seti ya harusi yake. Tumpe akaitoa ile ya sebuleni kwake, akampa.

"Nikamuuliza, sasa sebule itakaa tupu?" anakumbuka Mzee Isakwisa. "Akasema, tupu vipi, na wewe umekaa humo?"

Kuhusu kifo chake, mzee anasema: "Niliogopa atateseka. Hakuteseka. Namshukuru Mungu."

Pole, Mzee Isakwisa. Pole, Esnath, na ndugu wote wa Ilomba. Nasi tuliobaki tujiulize namna tunavyowapokea watu wetu. Anayerudi kwako kutoka safarini, mpokee yeye kwanza. Habari za mzigo utauliza baadaye.