Msailiwa wa Miaka Thelathini na Mitatu

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ni mdogo wake marehemu, tulioachiana ziwa, nimepewa karatasi hii niisome kama ilivyo, na mkiona mahali nimetoka nje ya karatasi mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza sekondari mwaka 1976 akiwa wa katikati kabisa darasani, wala hakuna mwalimu aliyemkumbuka kwa sifa wala kwa fimbo. Kati ya mwaka 1977 na Agosti 1984 aliitwa kwenye usaili wa kazi mara kumi na tisa, kila mara akiwa na suruali ileile ya kijivu iliyopigwa pasi na mama, na kila mara alirudi, akaivua, akaitundika, akasema wamesema watamwita.

Usaili wa kumi na tisa ulikuwa tarehe 6 Agosti 1984, kwenye chuo cha maofisa utumishi, alikoomba ukarani wa masjala, akaukosa, lakini mkuu wa chuo, aliyekuwa anatafuta mtu wa kukaa mbele ya wanafunzi wake ili wajifunze kuuliza, alisema tangu azaliwe hajaona mtu anayeshindwa usaili kwa utulivu na adabu kiasi kile, akamwajiri hapohapo bila kumuuliza swali hata moja. Kwenye kitambulisho chake likaandikwa neno la Kiingereza, “interviewee”, na kwa kuwa neno hilo limeusumbua ukoo huu miaka mingi, marehemu ameagiza lielezwe leo mbele yenu, kwamba maana yake ni msailiwa, yaani mtu anayeulizwa, si yule mwenye faili na miwani, na linamfaa mtu yeyote aliyekaa upande ule wa meza usio na droo.

Basi kwa miaka thelathini na mitatu, kila siku ya kazi saa mbili asubuhi, aliulizwa ana udhaifu gani na anajiona wapi baada ya miaka mitano, Jumatatu akijibu kama dereva, Jumanne kama mhasibu, Jumatano kama mtu mwenye vyeti vya kughushi, na Alhamisi alitakiwa alie kidogo ili wanafunzi wajifunze kumpa maji.

Huko chuoni ndiko alikokutana na shemeji yangu huyu mnayemwona hapa, wakati huo mwanafunzi, ambaye katika zoezi lake la kwanza aliweka fomu pembeni akamuuliza kama amekula, mwalimu akampa sifuri kwa kuwa swali hilo halimo, naye kaka akasahau kwamba siku hiyo alikuwa mhasibu, akajibu kweli kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1987, na hapa natoka nje ya karatasi, maana siku hiyo nilishika kipaza sauti nikawaambia wageni kwamba kaka yangu ameajiriwa kuulizwa, kazi ambayo hata mbuzi angeiweza kama angejua kukaa kwenye kiti, watu wakavunjika mbavu, naye akacheka, nikajua yameisha.

Walijaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, huyu wa kiume akiwa na miaka saba aliulizwa nani kavunja glasi, akajibu kwamba tukio lile amelichukua kama nafasi ya kujifunza.

Kaka alistaafu tarehe 30 Juni 2017. Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, na daktari alipomuuliza anaumwa wapi, alitaka kwanza kujua ajibu kama nani, daktari akaandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa, mpaka shemeji alipokwenda kueleza maana ya lile neno.

Mwezi Aprili 2023, akiwa kitandani, alitangaza kwamba nafasi ya kusoma historia hii iko wazi, tukaenda watatu, binti yake mkubwa, jirani yetu fundi cherehani, na mimi, tukamkuta amevaa miwani na faili liko mapajani, kwa mara ya kwanza upande wa droo. Wenzangu walifaulu vizuri sana. Mimi aliniuliza swali moja tu, kwamba katika maisha yetu yote nimewahi kumuuliza nini nikasubiri jibu, nikatafuta, nikakumbuka niliwahi kumuuliza funguo ziko wapi, na hata hilo niliuliza huku natoka, nikamwambia sina. Akafunga faili, akasema nitaitwa.

Sikungoja kuitwa. Tarehe 8 Mei nilikwenda, nikavuta kiti, nikamuuliza kama yale maneno ya harusini yalimuuma, akasema yalimuuma sana, nikabaki kitini, akaendelea kunieleza mpaka muuguzi akaja kunitoa. Alifariki kesho yake saa nne asubuhi, na shemeji ndipo aliponipa karatasi hii, chini yake kaka ameandika kwa mkono wake, nafasi apewe mdogo wangu, ameshindwa vizuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotubeba tangu siku ya kwanza, na wafanyakazi wenzake wa chuo, ambao nawaona wameshakaa kwa safu kama jopo.

Kaka, huko uendako tunaambiwa maswali nayo yapo, ila sina wasiwasi, katika ukoo huu hakuna aliyejiandaa kama wewe, na safari hii jibu kama wewe mwenyewe. Pumzika kwa amani.