Kadi ya Evelina

Basi likipanda kutoka Mombo, Clemence alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye kazi yake ya Dar, kwa majivuno ya mtu wa ofisi yenye kiyoyozi: anasoma taarifa za kadi za nauli. “Kadi ikiguswa kwenye mabasi mawili ndani ya saa moja, tunajua abiria ameunganisha safari.”

Mama akafungua pindo la khanga, akatoa kadi. “Ya binti yangu, Evelina. Alikuwa Dar, moyo ulikuwa unamsumbua. Pumzi ikimbana anashuka, anakaa kituoni mpaka atulie, ndipo anapanda basi jingine. Tumemzika kijijini, Gare, mwezi uliopita. Huko kwenu mlimwandikaje?”

“Ameunganisha, mama,” Clemence alisema, macho chini.

“Alikuwa anapumzika tu, baba.”

Basi likasimama Soni. Mama akaifunga kadi pindoni, akashuka.