Maoni Yaliyofutwa

Basi la Remera lilipoondoka mjini, mwanamume aliyeketi mbele yangu alimfungulia jirani yake kompyuta bila kuombwa.

"Hii laibrari ya programu, yaani msimbo wa kuazima, si ya shule, madamu. Kuna mtu tu kaiandika, akaiweka mtandaoni. Mimi naitumia kuchota habari zote za binti yangu kwenye tovuti ya shule."

"Shule imekuruhusu?"

"Nenosiri langu, mtoto wangu."

"Huo ni wizi, kaka," alisema yule mama, kwa upole wa mtu aliyezoea kusahihisha madaftari.

Mwanamume hakumsikia. Mtu akishafungua kompyuta, masikio huziba. "Inaleta hata vilivyofutwa. Ripoti inasema, 'Aongeze bidii.' Lakini mwalimu kwanza aliandika, 'Anasinzia darasani. Nyumbani kuna nini?' Sasa kwa nini alifuta? Si angeniuliza?"

"Labda alikuita mara tatu, hukuja."

"Niko na kazi nyingi, madamu."

Basi likasimama Gisimenti. Mama akachukua mkoba wake, akasimama.

"Kesho saa mbili asubuhi, Baba Gaju, ofisi ya walimu. Hii ni mara ya nne."

Akashuka.