Mutoto Iko Naimba

Taksi ya Koboko ilipotoka Arua mvua ilikuwa nyepesi, na nusu yetu tulikuwa tumeshaanza kusinzia. Mbele yangu Mama Jalia, muuza vitenge, alimweleza kijana aliyekaa naye kwamba anakwenda kumchukua mwanawe ampeleke kwa shehe. "Bibi yake napiga simu," alisema. "Mutoto iko naimba bafuni, kila asubuhi. Kama ile filamu ya bangi."

Kijana alikuwa anatafuna mairungi, majani ya kuchangamsha, shavu limemvimba. "Mimi naona hiyo filamu, mama. Mutu navuta mara moja, kesho naimba, kesho kutwa naua jirani. Ile iko mchezo tu. Filamu yenyewe nacheka watu yenye naogopa bangi."

"Nani nacheka? Pale kwa kibanda ya video sisi nalia!"

"Kicheko iko ndani ya nyimbo, mama. Na yule mtafsiri ya kibanda, wimbo kianza, yeye nanyamaza, nakunywa soda."

"Wewe najua namna gani?"

"Mimi nasikia Kiingereza."

"Hiyo majani ndiyo nasikia, si wewe."

Nilitaka kumtetea kijana, maana mimi pia niliiona ile filamu, lakini shavu lile lilimharibia ushahidi.

Nje mashamba ya tumbaku yalipita polepole ndani ya ukungu, kana kwamba yanakwenda zao na sisi tumesimama. Usingizini nikausikia wimbo wa ile filamu, laini kabisa. Nikadhani ni kijana.

Taksi ikasimama Koboko. Kijana alikuwa amelala. Mama Jalia akashuka na mzigo wake kichwani, akaenda kumwokoa mwanawe, huku anaimba wimbo uleule.